Waya wa Fedha, Kisonono cha Zamani na Faili la Mke

Mke ndiye aliyekuja na faili. Lilikuwa limekataa kufungika, akalizungushia mpira wa kufungia noti. Ndani mlikuwa na eksirei mbili za mirija ya uzazi, vipimo vya homoni vya siku ya 3 na siku ya 21, picha saba za altrasaundi, risiti za vidonge vya kukomaza mayai kutoka kliniki nne, na karatasi ya mtaalamu mmoja wa mitishamba wa Ngara iliyopigwa muhuri rasmi kabisa, utadhani imetoka wizarani. Miaka sita ya kutafuta mtoto. Nilipekua mpaka jalada la nyuma nikitafuta karatasi moja yenye jina la mume. Haikuwepo.

Mume mwenyewe alikuwepo. Alikalia kiti cha karibu na mlango, akijibu wateja kwenye simu.

Mimi ni muuguzi mshauri katika kliniki ya uzazi hapa Nairobi. Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya wawili hao, na nimebadilisha yale ambayo yangewafichua. Mume alikuwa na miaka 39, anauza spea za magari Grogan, ile Kirinyaga Road ambayo wenyeji hawajawahi kuiita kwa jina lake la kwenye ramani. Mke alikuwa na miaka 33, fundi wa nguo mwenye kibanda chake Umoja. Hedhi yake ilikuwa ya kawaida, mirija yake wazi, mayai yake yanakomaa. Kila kliniki ilimwambia hivyo, kisha ikamwandikia dawa.

Hilo la mwisho linanikera kuliko yote katika kisa hiki, kwa hiyo nalitanguliza. Kliniki nne zilimpima mwanamke zikamkuta salama, zikaendelea kumtibu. Hakuna iliyosema: mlete mumeo, au tusisonge mbele. Kipimo cha mbegu za kiume hakina sindano, hakina eksirei, na bei yake ni sehemu ndogo ya fedha alizomaliza mama huyu kwa mwaka mmoja tu. Ndicho kilichopaswa kuwa karatasi ya kwanza kwenye faili. Nimewahi kuuliza wenzangu kwa nini hatushinikizi, na jibu huwa moja: mwanamume ukimwambia apime, atachukua mke wake na kwenda kliniki nyingine.

Na huyu angekwenda. Nilipomwomba sampuli alicheka kidogo. "Sista, mimi niko sawa. Muulize mwenyewe." Mke aliinamia mkoba wake. Niliijua maana yake, maana nimeisikia mara nyingi: nguvu za kiume anazo, kwa hiyo uzazi anao. Mambo hayo mawili mjini hapa yameshonwa pamoja kama shati na ukosi. Nilimweleza kwa lugha ya duka lake. Gari linaweza kuwa na injini nzima, mlio mzuri, likapanda mlima wa Limuru bila kukohoa, na bado petroli isifike kwa sababu bomba moja jembamba limeziba. Alinyamaza, akaomba chupa.

Kipimo cha kwanza kilisoma sifuri. Maabara ikaizungusha sampuli kwa mashine, ikachunguza kilichotuama chini ya chupa, bado sifuri. Baada ya wiki tatu tukarudia, kwa kuwa sampuli moja haimhukumu mtu. Sifuri tena. Ujazo wa manii, hata hivyo, ulikuwa wa kawaida kabisa. Hapo ndipo wanaume wengi hudanganyika: mbegu zenyewe si hata sehemu moja ya ishirini ya ujazo ule. Majimaji mengi hutoka kwenye vifuko vya nyuma ya kibofu na kwenye tezi dume. Mtu anaweza kukaa miaka bila mbegu hata moja na asione tofauti yoyote kwa macho.

Daktari wa upasuaji wa mkojo na uzazi alimpima kwa mikono. Korodani zote mbili zilikuwa na ukubwa wa kawaida. Homoni ya FSH ilikuwa ya kawaida, ishara kwamba kiwanda kinafanya kazi, maana kiwanda kikifa ubongo huongeza homoni hiyo kama mwajiri anayepiga kelele. Ila nyuma ya kila korodani, kwenye epididimisi, ule mrija uliojikunja ambao mbegu hupitia na kukomaa, daktari alihisi uvimbe mgumu sehemu ya chini. Juu ya uvimbe, mrija ulikuwa umetuna. Mbegu zinatengenezwa, zinafika pale, zinagonga ukuta.

Nilimwomba mke atupishe kidogo, nikauliza swali ambalo miaka sita hakuna aliyemuuliza. "Umewahi kuugua kisonono?"

Alichukua muda. Kisha akasema ndiyo, alipokuwa na miaka 22, kabla hajamjua mkewe. Kukojoa moto, usaha kwenye suruali ya ndani. Alikwenda kwa kemisti mmoja mtaa wa River Road, akapewa vidonge kwenye karatasi ya kaki, akanywa viwili vitatu, usaha ukakauka, akaviacha. Wiki mbili baadaye korodani moja ilivimba, na ya pili ikafuata. Alitembea akichechemea kwa siku kumi, akiwaambia wenzake kwamba ameteguka akipakua injini. Ikapoa. Hakurudi kwa kemisti, na kemisti hakumtafuta. Miaka 17 siri hiyo ilikaa mahali ambapo hata mwenyewe hakuiona kuwa siri. Aliiona kuwa ujana.

Bakteria wa kisonono alitambuliwa na Albert Neisser mwaka 1879. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1872, daktari Emil Noeggerath wa New York alikuwa amewakera wenzake kwa kudai kwamba kisonono cha mume kinachodhaniwa kimepona ndicho huzima uzazi ndani ya ndoa. Ugonjwa hupanda kutoka kwenye njia ya mkojo, hufuata kinyumenyume mrija wa mbegu, ule unaozitoa kwenye epididimisi, hutua kwenye mkia wa epididimisi na kuuchoma. Ukipona, huacha kovu. Mrija ambao upana wake wa ndani ni kama sehemu mbili za kumi za milimita hauhitaji kovu kubwa ili kufungwa moja kwa moja. Sindano sahihi ikipigwa mapema, kovu hilo huwa nadra. Vidonge viwili vitatu vya kwenye karatasi ya kaki havitoshi.

Kabla ya dawa za antibiotiki, wanaume wa aina ya mgonjwa wangu walijaa kila jiji, na hapa ndipo anaingia mtu ambaye jina lake hutajwa mara chache nje ya vyumba vya upasuaji: Edward Martin wa Philadelphia, aliyezaliwa mwaka 1859 na kufariki mwaka 1938, profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1902 yeye na wenzake watatu walichapisha taarifa ya upasuaji ambao haukuwahi kuandikwa kwa binadamu kabla yao. Mgonjwa alikuwa hana mbegu kwa sababu ya kuziba kwa epididimisi. Martin alipasua epididimisi upande wa juu wa kizuizi, akapasua mrija wa mbegu ubavuni, akaviunganisha viwili hivyo kwa nyuzi za waya mwembamba wa fedha, ili mbegu zipitie njia ya mchepuko. Alikuwa amejaribu kwa mbwa kwanza. Mbegu zilirejea, na mke wa mtu huyo akashika mimba.

Ili kuona ukubwa wa jambo hilo, mtu atazame kilichotokea katika mji huohuo wa Philadelphia miaka 18 kabla. Mwaka 1884 mfanyabiashara tajiri na mkewe walikwenda kwa daktari William Pancoast wa Chuo cha Udaktari cha Jefferson. Hapo pia mke ndiye aliyechunguzwa kwanza, mara baada ya mara, mpaka ikabainika kwamba mume ndiye asiye na mbegu, naye aliwahi kuugua kisonono. Pancoast alifanya nini? Alimlaza yule mama kwa klorofomu, akidai anamchunguza tena, akampandikiza manii ya mmoja wa wanafunzi wake wa udaktari. Mtoto alizaliwa. Mume aliambiwa baadaye. Mke hakuambiwa kamwe. Dunia ilijua mwaka 1909, mmoja wa wanafunzi wale, Addison Davis Hard, alipoandika habari hiyo, Pancoast akiwa amekwisha kufa.

Mji mmoja, ugonjwa mmoja, madaktari wawili. Mmoja alizunguka nyuma ya mwanamke. Mwingine alimlaza mwanamume mwenyewe mezani na kutafuta mahali palipoziba.

Nayaleta haya kwa sababu nyumbani kwa wawili wangu pendekezo la Pancoast lilikuwa tayari mezani, bila klorofomu. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka mashambani kukaa wiki mbili, akasema nyumba haina kelele. Kisha, mkwewe akiwa jikoni akisikia, alimwambia mwanawe kwamba zamani ndugu walisaidiana kimyakimya, na mdogo wake ana watoto wanne. Mume alimfokea mamake, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Mke alinisimulia hayo kwa sauti ya chini huku akikunja na kukunjua kitambaa cha mkononi. "Sista, alimfokea kwa ajili yangu. Lakini bado alikuwa hajapima."

Siku ya kumwambia mke ukweli wa kisonono tulikaa watatu. Nilimwambia mume mapema kwamba mimi sitasema; ataisema mwenyewe au itabaki ndani. Aliisema akitazama sakafu. Nilitarajia machozi au kelele. Mke aliuliza swali moja la kifundi: "Kwa hiyo zile dawa nilizomeza miaka yote, zilikuwa za nini?" Hakuna aliyemjibu. Alitoka nje akakaa kwenye benchi karibu nusu saa, kisha akarudi akasema endeleeni.

Uamuzi wenyewe haukuwa mwepesi, na hapa naona wachangiaji wengi wa mambo ya uzazi hurahisisha. Kulikuwa na njia mbili za kweli kwa wenzi wanaotaka damu yao wote wawili. Ya kwanza ni kuchota mbegu kutoka kwenye epididimisi au korodani na kudunga mbegu moja ndani ya kila yai maabarani, mbinu iliyotoa mimba zake za kwanza Brussels na kutangazwa mwaka 1992. Nairobi ina wataalamu wa IVF, yaani utungishaji mimba wa maabarani. Watoto wa kwanza wa IVF nchini walizaliwa mwaka 2006. Duru moja hula mamia ya maelfu ya shilingi, na inaweza kushindwa. Mzigo wa sindano, tena, unamwangukia mwanamke ambaye mwili wake hauna kasoro. Njia ya pili ni ile ya Martin, ikiwa imekua.

Mke ndiye aliyechagua. "Miaka sita nimelala mimi kitandani. Sasa alale yeye." Mume alicheka, safari hii bila kiburi.

Daktari aliweka masharti mawili. Kwanza, mtu asimchome sindano za kunyonya mbegu kwa majaribio kabla ya siku hiyo, kwa sababu kila tundu kwenye epididimisi ni kovu jipya. Pili, mbegu zitakazopatikana mezani zigandishwe siku hiyohiyo, ili kama muunganiko utashindwa, njia ya kwanza ibaki wazi bila upasuaji mwingine. Sharti hilo la pili liliongeza gharama, na mume aliuza pikipiki yake ya kupelekea wateja spea. Sina maneno mengi juu ya hilo. Pikipiki iliuzwa.

Upasuaji wa leo ungemshangaza Martin, ila angeutambua. Yeye aliunganisha jeraha na jeraha akiomba mbegu zijitafutie njia katikati ya vijimrija vingi vilivyokatwa, na kwa zaidi ya miaka 70 dunia ilifanya hivyohivyo, wengi wakishindwa. Epididimisi ni mrija mmoja tu wenye urefu wa takriban mita 6 uliokunjwakunjwa ndani ya nafasi isiyozidi urefu wa kidole. Ukiukata ovyo, unaukata mara kumi bila kujua. Mabadiliko yalikuja na hadubini ya upasuaji. Earl Owen wa Sydney na Sherman Silber wa St. Louis walionyesha miaka ya 1970 kwamba mirija ya mbegu iliyokatwa inaweza kushonwa tabaka kwa tabaka chini ya hadubini, na mwaka 1978 Silber akachapisha namna ya kushona mrija mmoja mahsusi wa epididimisi na mrija wa mbegu, mdomo kwa mdomo. Baadaye wengine wakabuni kuuzamisha mrija mdogo ndani ya mkubwa kwa nyuzi mbili tu, kama fundi anavyoingiza mpira wa petroli ndani ya bomba ili usivuje. Mlinganisho huo si wangu, ni wa mgonjwa. Alieleweshwa mara moja akawa anamfafanulia mkewe.

Siku yenyewe daktari alianza kwa kupitisha maji ya chumvi kwenye mrija wa mbegu kuelekea tumboni. Yalipita bila kipingamizi. Mbele hakukuwa na kizuizi kingine. Kisha alifungua kijimrija kimoja juu tu ya kovu upande wa kulia, akaweka tone kwenye kioo, fundi wa maabara akaangalia palepale chumbani. Mbegu zilikuwepo, nyingine zikicheza mkia. Kulia aliunganisha chini kabisa, karibu na mkia, mahali pazuri, kwa kuwa mbegu zinazopitia sehemu kubwa ya epididimisi hukomaa zaidi. Kushoto ilikuwa shida. Tone la kwanza tupu, la pili tupu, akapanda juu mpaka karibu na kichwa cha epididimisi ndipo akapata, na zilizopatikana zilikuwa zimelala. Uzi aliotumia ni naironi namba 10-0, mwembamba kuliko unywele. Kazi ilichukua karibu saa tano. Mke alishona ukosi wa sare tatu za shule kwenye chumba cha kungojea. Alikuja na kazi yake.

Maagizo ya nyumbani: nguo ya ndani ya kubana, wiki nne bila tendo la ndoa, na marufuku kuinua gia boksi. La mwisho ndilo lililomtesa. Nilimpigia siku ya tisa nikasikia nyuma yake kelele za Grogan. Akaapa kwamba amekaa tu, anaelekeza.

Kuna jambo jingine kuhusu Martin ambalo kwangu lina uzito sawa na waya wa fedha. Mwaka 1910, huko Uingereza, akiwa kwenye gari la farasi pamoja na Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, alielezwa wazo ambalo Codman alikuwa akilipigania: kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa kwa muda wa kutosha ili ijue kama tiba ilifaa, na kama haikufaa, iulize kwa nini. Waliliita wazo la matokeo ya mwisho. Martin alilibeba, na likawa sehemu ya chimbuko la Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1913. Codman aliposisitiza jambo hilo hospitalini kwake aliishia kujitenga na wenzake. Linaonekana jambo la karani. Lakini rudini kwenye kisa hiki muone ni mara ngapi lilikosekana: kemisti hakumfuatilia kijana wa miaka 22, kliniki ya kwanza haikuuliza dawa zilifanya nini, ya pili ikaanza upya kana kwamba ya kwanza haikuwepo. Nimeweka kalenda ya mgonjwa huyu ukutani kwangu kwa sababu hiyo, na wenzangu wamenicheka.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji: sifuri. Tulikuwa tumemwonya. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na muunganiko wa epididimisi huchelewa kufunguka, wakati mwingine mpaka mwaka mzima. Kuonywa hakupunguzi kitu. Alikuja peke yake kuchukua majibu, akayakunja mara nne, akayatia mfuko wa shati. Mwezi wa sita: mbegu chache zilizokufa, zisizofika hata idadi ya kuhesabu. Daktari alifurahi kupita kiasi, mgonjwa hakumwelewa. Mzoga wa mbegu umetoka wapi, kama si kupitia njia mpya?

Mwezi wa tisa: milioni 1.4 kwa kila mililita, kiasi cha robo zikisonga. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni milioni 16, kwa hiyo hiyo si hesabu ya kupigia vigelegele. Tuligandisha sehemu yake mara moja, maana miunganiko mingine hufunguka kisha kovu likaifunga tena. Mume alitaka kujua kama naitrojeni ya majimaji inayogandisha mbegu, ile ya nyuzi 196 chini ya sifuri, inaweza kupoteza baridi umeme ukikatika. Nilimwambia haitumii umeme, ni mtungi. Aliuliza mtungi unajazwa na nani, na kila baada ya siku ngapi. Niliona nimekutana na Codman wa Kirinyaga Road.

Mama mkwe ameambiwa kwamba mwanawe amefanyiwa upasuaji. Hakuambiwa wa nini hasa, na huo ni uamuzi wao. Mke ametimiza miaka 35. Wamekubaliana wajaribu kwa njia ya kawaida mpaka kipimo cha mwezi wa 15, na kama bado, watumie mbegu zilizogandishwa. Pikipiki bado haijanunuliwa.

Juzi mume alinipigia kutoka dukani, mtu akigonga chuma nyuma yake. Alikuwa amechukua majibu ya mwezi wa 12 mwenyewe na akawa ananisomea. "Milioni tatu nukta nane, sista. Zinazosonga, asilimia thelathini na moja." Nikaandika kwenye kalenda. Akaniuliza kama nimeandika tarehe pia. Faili lake sasa lina kurasa 22, na yeye ndiye anayelibeba.